Sindano Mbili, Brashi Moja: Kufuma na Kupaka Rangi za Maji Kuanzia Nakuru hadi Kisumu

Anayeanza kufuma hukimbilia uzi. Anayeanza kupaka rangi za maji hukimbilia rangi. Wote wawili wameanzia mwisho. Kwenye kufuma, kinachoamua kama kofia itaingia kichwani ni idadi ya vitanzi kwa kila sentimita, na idadi hiyo hutokana na sindano pamoja na mkono wako. Kwenye rangi za maji, kinachoamua ni karatasi. Rangi ya bei nafuu juu ya karatasi nzuri itakupa picha. Rangi ya bei ghali juu ya karatasi ya daftari itakupa tope.

Kazi hizi mbili hazifanani hata kidogo: moja ukikosea unafumua, nyingine ukikosea umekosea. Lakini zinakaa vizuri ndani ya nyumba moja, hasa huku magharibi mwa Kenya ambako mvua ndiyo hupanga ratiba. Kupaka rangi kunataka mwanga wa asubuhi na meza isiyotikisika. Kufuma hakutaki chochote ila kiti, na alasiri ile mvua ya Kakamega inapoanza kupiga mabati na stima inapotea, mfumaji aliyezoea huendelea kwa kugusa tu. Tunazungumzia kufuma kwa sindano mbili hapa, si vile vitambaa vya kochi vya kroshia ambavyo kila bibi, awe anaitwa shosho, dani au kukhu, anavijua hata akiwa amefumba macho.

Kitu kimoja kinaziunganisha: zote mbili humwadhibu anayeruka majaribio. Kipande kidogo cha uzi kilichofumwa kabla ya kofia, na ukanda mdogo wa rangi uliopakwa kabla ya picha, huokoa saa nyingi kuliko kipaji.

Nambari za sindano na mkanganyiko wake

Utakuta sindano dukani zimeandikwa nambari za mtindo wa zamani wa Uingereza, ambapo nambari ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Nambari 10 ni milimita 3.25, nambari 8 ni milimita 4, nambari 6 ni milimita 5. Mtindo wa Marekani ni kinyume chake: nambari ikipanda sindano inanenepa, hivyo 6 ya Marekani ni milimita 4 na 8 ni milimita 5. Mtu anafuata video ya Mmarekani, anaambiwa achukue nambari 8, anaingia dukani Nakuru na kupewa 8 ya Uingereza. Amepungukiwa na milimita nzima, na sweta ya mtu mzima inatoka ya mtoto. Dawa ni kusahau nambari na kuuliza milimita.

Kama maandishi yamefutika, chukua uzi wa cherehani, uzungushe kwenye sindano mara kumi bila kupandanisha, ukate, kisha unyooshe juu ya rula. Sentimita 12.6 maana yake sindano ni ya milimita 4. Sentimita 10.2 ni milimita 3.25, na sentimita 15.7 ni milimita 5. Spoku ya baiskeli, ambayo watoto wengi wamefumia, huwa ya milimita 2 hivi. Inafaa uzi mwembamba sana, lakini ukiilazimishia uzi wa sweta utapata kitu kigumu kama mkeka.

Kwenye lebo ya uzi tafuta mchoro wa mraba na sindano. Uzi ulioandikwa DK, yaani uzi wa unene wa kati, ambao ndio rahisi kwa anayeanza, kwa kawaida hutoa vitanzi 22 na mistari 28 katika mraba wa sentimita 10 kwa sindano za milimita 4. Ule wa nyuzi nne hutoa vitanzi 28 na mistari 36 kwa sindano za milimita 3.25. Angalia pia nambari ya loti, yaani mkupuo ambao uzi ulitiwa rangi pamoja. Mipira miwili ya rangi ileile kutoka loti mbili inaweza kuonekana sawa chini ya taa ya duka na ikatofautiana waziwazi juani, kwa hiyo nunua yote ya kukutosha siku moja. Kama umechelewa na loti imekwisha, fuma mistari miwili kwa mpira wa zamani na miwili kwa mpya, ukibadilishana. Jicho halitaona mpaka.

Sasa kipande cha majaribio. Usipandishe, yaani kuanzisha sindanoni, vitanzi 22 ukidhani ndiyo sentimita 10, kwa sababu kingo hujivuta na kudanganya. Pandisha 30, fuma mistari 40, upande mmoja pleni (kitanzi cha kawaida, uzi ukiwa nyuma ya kazi) na wa kurudi pali (kinyume chake, uzi ukiwa mbele). Kioshe kama utakavyoosha nguo yenyewe, kikauke, kilaze juu ya meza bila kukivuta, kisha hesabu vitanzi vya sentimita 10 za katikati, na nusu kitanzi nayo ihesabiwe. Ukipata 24 mahali pa 22, panda sindano. Ukipata 20, shuka. Usijaribu kukaza au kulegeza mkono. Mkono utakumbuka kwa mistari mitano, halafu utarudi kwenye desturi yake katikati ya kazi.

Boshori ya mtu mzima

Skafu ndiyo kazi ambayo kila mtu huambiwa aanze nayo, na ni ushauri mbaya. Ni ndefu, inachosha, na ikifumwa pleni kwenda na pali kurudi bila ukingo, kando zake hujikunja ndani hadi inakuwa bomba. Boshori, kofia ya kufuma ya kujikinga na baridi, ni fupi, inafundisha kila kitu, na kwenye baridi ya Molo au Timboroa hakuna anayeikataa.

Chukua uzi wa DK, gramu 100 zinatosha na kubaki, na sindano za milimita 3.25 na milimita 4. Kichwa cha watu wazima wengi kiko kati ya sentimita 54 na 58. Tuseme 56. Boshori lazima iwe ndogo kuliko kichwa kwa karibu sehemu moja ya kumi ili ishike, kwa hiyo tunalenga sentimita 50. Vitanzi 22 kwa sentimita 10 ni 2.2 kwa sentimita moja. Mara 50 unapata 110.

Hapo ndipo kipande cha majaribio kinapolipa. Kama kwa kweli mkono wako unatoa 20, vitanzi hivyohivyo 110 vitakuwa sentimita 55 na kofia itashukia machoni. Kama unatoa 24, utapata sentimita 46 na paji la uso litabaki na alama.

Acha mkia wa uzi wa kama mita 1.8 kabla ya kupandisha vitanzi kwa njia ya mkia mrefu, ambapo mkia huo hutumika pamoja na uzi wa mpira. Kanuni ni mara tatu ya upana wa kazi, na ziada kidogo. Pandisha 110 kwenye sindano za milimita 3.25, bila kukaza. Anayekaza hapa hupata ukingo usiopita masikioni hata kama sehemu nyingine ni sawa. Ukijijua una mkono mgumu, pandisha juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha chomoa moja.

Mstari wa kwanza ni ribu, ukingo unaonyumbuka: pleni 2, pali 2, hadi mwisho, utamaliza na pleni 2. Ukirudi anza pali 2, pleni 2, umalize na pali 2. Endelea hadi sentimita 6. Hamia sindano za milimita 4 na ufume pleni mbele, pali nyuma, hadi kazi nzima iwe sentimita 15 kutoka ukingoni. Anayependa ukingo wa kukunjwa juu aongeze sentimita 5 kwenye ribu, na hizo 15 ziwe 20.

Kilele kinapunguzwa hivi. Fuma pleni 1, kisha rudia mara 9: pleni 10, halafu vitanzi viwili pamoja kama kimoja. Malizia pleni 1. Vimebaki 101. Rudi kwa pali tupu. Mstari unaofuata wa pleni fanya vivyo hivyo lakini kwa pleni 9 badala ya 10, kisha pali, kisha pleni 8, ukishuka namna hiyo hadi mstari ambao hauna pleni ya katikati, ni viwili pamoja tu mara 9 kati ya vile vitanzi viwili vya pembeni. Utabaki na vitanzi 11, na kilele kitakuwa kimeongeza karibu sentimita 8. Kata uzi ukiacha sentimita 60, uupitishe kwenye vitanzi vyote 11 kwa sindano butu, vuta, piga fundo kwa ndani, na kwa uzi huohuo shona ubavu kushuka chini. Ukishona kwa kuingiza kitanzi kimoja cha kila upande ndani ya mshono, zile pleni mbili za kila mwisho wa ribu zitabaki moja moja na kuungana kuwa jozi kamili. Mshono hautaonekana.

Mahali wengi wanapopotea ni hesabu: walianza na 110, baada ya mistari michache wana 113. Vitanzi haviongezeki kwa miujiza. Sababu ya kwanza ni uzi kuvutwa nyuma juu ya sindano mwanzoni mwa mstari, kitanzi cha kwanza kikapanuka na kuonekana viwili. Mfumaji akavifuma vyote. Uzi ushushwe mbele au nyuma chini ya sindano, usipande juu. Sababu ya pili ni kusahau kurudisha uzi nyuma baada ya pali kabla ya kuanza pleni. Uzi ukilala juu ya sindano unakuwa kitanzi kipya, na chini yake kunabaki tundu. Kwenye ribu kosa hili ni la kila siku. Hesabu kila baada ya mistari minne na utalikamata likiwa changa.

Kitanzi kikidondoka kinashuka na kuacha ngazi. Usifumue. Chukua ndoano ya kroshia, geuza kazi upande wa pleni, ingiza ndoano kwenye kitanzi kilichoanguka kutoka mbele, kamata kipago cha kwanza cha ngazi juu yake, kipitishe, kisha kinachofuata, hadi juu. Kinachofumuliwa ni kosa la upana, kama mstari mzima uliofumwa pleni mahali pa pali. Na usiache kazi katikati ya mstari ukaenda kupika. Ukirudi utaanza kuelekea upande usio sahihi na kupata kovu lisiloelezeka.

Kisumu ina tatizo lake. Saa nane mchana mikono inatoka jasho, akriliki (uzi wa viwandani usio sufu wala pamba) inang'ang'ania sindano ya plastiki na kila kitanzi kinasukumwa kwa nguvu. Sindano ya chuma laini inasaidia, kunawa na kukausha mikono kunasaidia zaidi, na kufuma baada ya saa moja jioni ndiyo suluhisho lenyewe. Uzi wa pamba unapendeza kule kwa sababu hauchomi mwili, lakini haunyumbuki kama sufu wala akriliki, na ni mzito: gauni la pamba hurefuka linaponing'inia. Pamba ni ya blauzi fupi na vitambaa vya jikoni.

Moja zaidi kabla ya kutoka hapa. Akriliki usiipige pasi. Joto huilainisha, vitanzi hulala, na kofia iliyokuwa na uhai inakuwa kama kitambaa kilichonyeshewa. Haiponi. Sufu nayo haitaki maji ya moto pamoja na kusuguliwa, maana hugandana na kusinyaa. Iloweshe dakika 20 kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, ikamue ndani ya taulo, ilaze kwa kipimo unachotaka, iache ikauke.

Uzi mzuri uko kwenye mitumba

Sehemu za juu za Nakuru, Molo hasa, kuna kondoo wa sufu kama Corriedale, na Eldoret ni mji wa viwanda vya nguo na nyuzi tangu zamani. Majina kama Rivatex na Ken-Knit yanajulikana. Pamoja na hayo, anayetafuta sufu halisi ya kufumia kwa mkono kwa mpira mmoja mmoja dukani mara nyingi hutoka na akriliki. Sufu iko soko la Kibuye, Kisumu, imekunjwa ndani ya sweta za mitumba, na watu wanaipita.

Geuza sweta ndani nje kabla ya kulipa. Kama mshono wa ubavuni umefungwa kwa ovaloki, iache. Kitambaa kilikatwa kwa mkasi, na ukifumua utapata vipande vya urefu wa mstari mmoja tu. Unayotaka ni ile ambayo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, kingo zikiwa nzima, na mshono ni wa mnyororo unaofunguka ukikata mahali pamoja na kuvuta. Vuta pia kitambaa chenyewe kidogo. Kama vitanzi havionekani kwa sababu sufu imegandana, haitafumuka kamwe.

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi wa sentimita 5 na uuchome kwa kiberiti juu ya kisahani. Sufu hunuka nywele zilizoungua, hujizima yenyewe, na majivu yake husagika vidoleni. Pamba huungua haraka na kunuka karatasi. Akriliki huyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Usiiguse ikiwa moto.

Fumua kuanzia juu, shingoni au begani, ukizungusha uzi kwenye mgongo wa kiti. Funga mkusanyiko huo kwa vipande vya uzi mahali panne, uoshe, uning'inize na kitu chepesi chini yake, kama kikombe cha plastiki, na mawimbi yatanyooka. Nyuzi za sweta za mashine ni nyembamba. Zishike mbili au tatu pamoja hadi ukizizungusha kwenye rula upate karibu mizunguko 12 ndani ya sentimita 2.5. Hapo una kitu kinachokaribia DK, ingawa kipande cha majaribio ndicho chenye kauli ya mwisho.

Karatasi kwanza

Sasa upande wa maji. Tafuta karatasi ya gramu 300 kwa mita mraba, na kama mfuko unaruhusu, ya pamba asilimia 100. Shiti kubwa la sentimita 56 kwa 76 ukiligawa sehemu nne kwa upande mrefu na sehemu mbili kwa mfupi unapata vipande 8 vya sentimita 19 kwa 28, na mara nyingi hii ni nafuu kuliko kitabu kilichojalidiwa. Karatasi ya massa ya mti inatosha kwa mazoezi, lakini hukauka kwa mabaka, na tabaka la pili la rangi huinua la kwanza.

Chini ya gramu 300 karatasi huvimba na kujikunja, rangi hukusanyika mabondeni. Itandaze kabla: iloweshe dakika 5 hadi 10 kwenye maji baridi, ilaze juu ya ubao, ibandike kingo zote nne kwa utepe wa karatasi ya kahawia ambao gundi yake huamka kwa maji, si selotepu, na uiache ilale bapa usiku kucha. Itakauka ikiwa imekaza kama ngozi ya ngoma.

Kuna jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi havilisisitizi. Karatasi ya rangi za maji hutiwa gelatini au kitu kama hicho ili isinyonye maji papo hapo. Unyevu wa miezi mingi, kama ule wa kando ya ziwa, huharibu kinga hiyo. Karatasi inaonekana nzima, lakini ukipaka anga yanatokea madoadoa meusi ambapo rangi imezama, na hakuna mbinu ya brashi itakayoyatoa. Jaribu kwa tone la maji pembeni. Tone likikaa juu na kulowa polepole, endelea. Likizama mara moja na kuacha doa, karatasi hiyo ni ya penseli sasa. Ihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, mbali na sakafu na ukuta wa nje.

Rangi sita zinatosha, na ni heri tyubu sita nzuri kuliko boksi la rangi 24 za watoto zenye chaki nyingi. Soma msimbo mdogo wa rangi kwenye tyubu, si jina: PY3 ni njano ya limau, PY42 ni njano ya udongo, PV19 ni waridi, PB29 ni buluu ya altramarini, PB15 ni buluu ya thalo, na PBr7 ni kahawia ya siena iliyochomwa. PBr7 huvaliwa na kahawia nyingine pia, kwa hiyo hapo soma na jina. Nyekundu ya zamani ya alizarini, PR83, iepuke. Hupauka kwa mwanga, na jua letu halina huruma. Thalo ina nguvu za kutisha: chovya ncha ya brashi tu. Brashi tatu: ya mviringo nambari 10 yenye ncha, nyingine nambari 4, na bapa ya milimita 25. Ya mviringo ichovye majini dukani, uikung'ute. Isiporudi kwenye ncha, irudishe rafuni. Wakati wa mvua usifunge paleti ikiwa mbichi, itaota ukungu.

Machweo bila kijani

Ikweta inapita Maseno, si mbali na Kisumu, na jua huku halichelewi. Linazama moja kwa moja, na baada ya dakika ishirini na kitu ni giza. Anayejaribu kupaka machweo ya ziwa akiwa ufuoni Dunga, Kisumu, rangi zikiwa bado kwenye tyubu, ameshachelewa. Changanya kabla, au chora kwa penseli, andika majina ya rangi mahali pake, kapake nyumbani.

Kosa la machweo ni moja: njano ya chini inakutana na buluu ya juu na anga inakuwa kijani. Weka waridi katikati. Inua ubao nyuma kwa kitabu cha unene wa sentimita 3. Andaa vidimbwi vitatu, kila kimoja kama kijiko cha chai cha maji, vikiwa na nguvu kuliko unavyotaka kwa sababu rangi hupauka ikikauka. Lowesha anga yote kwa brashi bapa na maji safi, kisha inama uangalie karatasi kwa ubavu. Ikiwa inang'aa kama kioo, maji ni mengi, ngoja. Ikibaki na mng'ao hafifu kama wa ngozi iliyopakwa mafuta, anza. Njano ya limau karibu na upeo, waridi juu yake ikiigusa, altramarini kutoka juu kushuka hadi iguse waridi peke yake. Njano na waridi zitatoa chungwa, waridi na altramarini zitatoa zambarau, na buluu haitaiona njano. Inua ubao, zungusha kidogo, ulaze, uondoke.

Kuondoka ndiko kugumu. Karatasi inapopoteza mng'ao lakini bado ni baridi ukiigusa kwa mgongo wa mkono, brashi yoyote yenye maji kuizidi itasukuma rangi pembeni na kutengeneza duara lenye kingo za kukunjamana, kama koliflawa. Hilo ndilo kosa linaloharibu picha nyingi kuliko yote, na husababishwa na mtu kurekebisha kitu ambacho hakikuwa kibovu. Ngoja ikauke kabisa, au usiguse. Nakuru mwezi wa Januari nafasi hiyo ni ya dakika chache. Kakamega wakati wa mvua unaweza kungoja nusu saa na karatasi bado ni baridi.

Mwanga unaocheza juu ya maji uandae kabla ya rangi yoyote. Pitisha ubavu wa mshumaa mweupe juu ya karatasi yenye chembe, kwa mistari ya kulala. Nta hukataa maji na cheche nyeupe hubaki. Gugu maji lipakwe mwisho, karatasi ikiwa kavu: njano ya limau na altramarini pamoja na siena kidogo sana. Bila siena kijani kinakuwa cha plastiki. Kwa mashamba ya chai ya Kericho njano iongezwe, kwa msitu wa Kakamega thalo ichukue nafasi ya altramarini na siena izidi.

Mawe makubwa ya Kit Mikayi, karibu na Kisumu, hayahitaji rangi nyingine ila altramarini na siena. Zichanganye juu ya karatasi mbichi, si kwenye paleti. Altramarini ina chembe zinazotua mashimoni mwa karatasi zikitengana na siena, na hapo unapata uso wa jiwe bila kuchora hata ufa mmoja. Jakaranda za Nakuru, zinazochanua kuanzia Septemba hivi, ni altramarini na waridi. Maua ya juu yawe na maji mengi, ya kivulini mazito, na usihesabu petali.

Rangi hizo hizo sita zinaweza kupanga mistari ya boshori. Kabla ya kununua nyuzi, paka kwenye kipande cha karatasi kanda za sentimita 1 kwa mpangilio unaoufikiria, zikauke, zipige picha kwa simu, kisha ugeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kanda mbili zikigeuka kijivu kilekile, zitamezana kofiani hata kama moja ni nyekundu na nyingine kijani. Tarajia pia uzi kuonekana mweusi kidogo kuliko karatasi, kwa sababu kila kitanzi kina kivuli chake, kwa hiyo rangi nzito zipandishe mwanga daraja moja. Ukifika kufuma, fanya kila ukanda uwe wa idadi shufwa ya mistari, 2 au 4 au 6, ili uzi wa zamani ukukute upande uleule ulikouacha. Usiukate, upandishe pembeni ukiupindanisha mara moja na uzi wa kazi kila mistari miwili, bila kuuvuta, la sivyo ubavu wa kofia utajikunja na mshono hautalala.